Kijana huyu si mvivu

Juzi nilijiwa na kijana anayesomea taaluma ya tarakilishi katika chuo kimoja humu nchini, uso umemsawijika. Msimamizi wake alimwagiza aandike programu itakayopokea sarufi yoyote isiyotegemea muktadha na kutamka, bila kukosea, iwapo ina utata. Miezi minane imekwisha, programu haijakamilika, na sasa kijana anaitwa mvivu.

Mimi nasema ameonewa.

Sarufi ya aina hii, iliyotokana na kazi ya Noam Chomsky ya mwaka 1956, ni mkusanyiko wa kanuni za kujenga sentensi hatua kwa hatua. Utata huzuka pale maneno yale yale yanapoweza kujengwa kwa njia mbili. Chukua "mwalimu wa mtoto mgonjwa". Ni nani anayeumwa, mwalimu au mtoto? Lakini tukisema "kitabu cha mtoto mgonjwa", upatanisho wa ngeli hutuokoa, maana kitabu hakiwi "mgonjwa".

Kukagua sentensi moja ni kazi nyepesi. Sarufi nzima, ambayo aghalabu sentensi zake hazina kikomo, ni jambo jingine kabisa. Programu yaweza kuzipitia moja baada ya nyingine, na ikikumbana na yenye utata itatangaza. Je, isipoiona? Haina namna ya kujua iwapo haipo, au ingali mbele. Mwaka wa 1962 David Cantor na Robert Floyd, kila mmoja kivyake, walithibitisha kuwa hakuna njia ya jumla ya kuamua. Si kwamba bado haijagunduliwa, la! Haipo, hata mashine iwe na kasi ya umeme.

Sisemi kwamba kila swali ni hivyo. Kama sarufi inazaa japo sentensi moja, tarakilishi huamua bila taabu. Tena ukiibana sarufi, mengi huamulika. Donald Knuth alieleza mwaka 1965 sarufi zinazosomwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kuchungulia mbele idadi maalumu ya alama. Hizo hazina utata kamwe, na idadi hiyo ikishatajwa, programu yaweza kukagua kama sarufi fulani ni mojawapo.

Kazi ya namna hiyo ndiyo aliyostahili kupewa. Msimamizi aibadilishe mada, amwongezee muda, na kuhusu lile neno "mvivu", amwombe radhi.