Vipimo vya kemia vya bei nafuu vyuoni: vinahusu vipi maji ya kijiji chako?

Kisima kikichimbwa Arusha, Manyara au Singida, swali la kwanza la wanakijiji ni kama maji yametoka. Swali la pili halijibiki kwa macho wala kwa ulimi: je, yana floraidi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akinywa maji yaliyozidisha kiwango hicho kwa miaka mingi, meno yake yanaweza kuwa na madoa ya kahawia. Ikizidi sana, hata mifupa huathirika.

Wa kujibu swali hilo ni mtu aliyesomea kemia. Lakini je, alipokuwa chuoni alishika kipimo kwa mikono yake, au alikitazama kwa mbali? Katika makala haya tunaangazia njia moja inayoweza kubadili hali hiyo: vipimo ambavyo wanafunzi wanaviunda wenyewe.

Tatizo liko wapi?

Mashine ya maabara inayosoma rangi ya kimiminika, iitwayo spektrofotomita, huweza kugharimu maelfu ya dola. Chuo chenye mashine moja na wanafunzi mia moja hakina ujanja. Mmoja anapima, waliobaki wananakili namba. Mashine ikiharibika, inafunikwa kitambaa ikisubiri fundi na vipuri kutoka nje ya nchi. Mwanafunzi anahitimu akijua kanuni, ila hajawahi kukosea kipimo na kujirekebisha.

Kibao kidogo, kazi kubwa

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu walitengeneza kibao cha umeme walichokiita Arduino. Kiini chake ni mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana ndani ya chipu moja, ya aina ile inayoongoza mashine ya kufulia nguo. Ramani yake iliwekwa wazi kwa wote. Ndiyo maana leo nakala zake zinauzwa kwa dola chache, bei ambayo haizidi ya simu ya kitochi.

Ukiunganisha kibao hicho na taa ndogo ya LED ya kijani, kihisi cha mwanga na kijichupa cha kioo ndani ya kisanduku cheusi, umepata kipima rangi. Taa inapitisha mwanga kwenye kimiminika, kihisi kinapokea uliobaki, na kibao kinatoa namba kati ya 0 na 1023.

Chukua mfano. Maji matupu yanatoa 800. Ukitia pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau, namba inashuka hadi 400. Ukiongeza kiasi kilekile mara ya pili, wengi watadhani itakuwa sifuri. Hapana, itakuwa 200, kisha 100. Kila nyongeza inakata nusu ya mwanga uliobaki. Kanuni hii iko vitabuni tangu karne ya 19, lakini mwanafunzi anayeiona ikitokea kwenye kisanduku alichokiunda mwenyewe haisahau.

Floraidi nayo hupimwa kwa njia inayofanana. Kuna dawa nyekundu yenye madini ya zirkoniamu. Floraidi iliyomo kwenye maji huichukua zirkoniamu hiyo, na rangi hufifia. Kadiri inavyofifia ndivyo floraidi ilivyo nyingi. Hiyo si dawa ya kuchezea nyumbani, kwa kuwa ina asidi kali.

Je, vinaaminika?

Hapa inafaa tuseme ukweli. Rahisi ina mipaka yake. Kimiminika kikiwa cheusi sana, namba zinashuka hadi 12, kisha 6, na kosa dogo linakuwa kosa kubwa. Maji yenye floraidi nyingi lazima yazimuliwe kwanza kwa maji safi ya maabara, kisha hesabu irudishwe. Alumini iliyomo kwenye maji nayo inaweza kupotosha jibu.

Kipimo cha pH, kinachoonyesha uchachu wa maji au udongo, kina taabu yake. Pima mbili zinazotofautiana kwa pH moja zinatofautiana kwa milivolti 59 tu, wakati kibao cha kawaida kinahesabu kwa hatua za karibu milivolti 5. Bila kuongezewa kifaa cha kusoma umeme mdogo, jibu linakuwa la kukadiria.

Kwa hiyo kisanduku cha mwanafunzi hakitoi cheti cha kisima. Kazi hiyo inabaki kwa maabara zenye vifaa vilivyohakikiwa. Faida yake ni nyingine. Mkulima wa korosho au pamba anajua kwamba mizani isiyohakikiwa humwibia muuzaji kimyakimya. Mwanafunzi aliyeunda mizani yake ya kemia anajifunza kuihakiki kila siku kwa vimiminika vya kiwango kinachojulikana, na anajifunza kutoiamini namba kwa sababu tu imetokea kwenye kioo.

Afrika Mashariki hatuanzi sifuri. Hadubini ya OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza kwa ramani iliyo wazi na plastiki iliyochapwa kwa printa, imetengenezwa pia Tanzania, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameshiriki kuijaribu kwa vimelea vya malaria. Fundi akiwa hapahapa, kifaa kikiharibika hakifunikwi kitambaa.

Tunaona mambo matatu yanahitajika: vyuo vitenge fungu dogo la vipuri kila mwaka, wahadhiri wa kemia wakae meza moja na wale wa umeme, na matokeo ya visanduku hivi yalinganishwe mara kwa mara na ya mashine kubwa.

Na wewe msikilizaji una nafasi yako. Wataalamu wakija kupima kisima, usiridhike na kuambiwa "maji ni salama". Omba karatasi yenye namba, kipimo kwa lita na tarehe, na ihifadhiwe ofisi ya kijiji. Anayejua kupima hataona taabu kukueleza amepimaje.