Nguzo Nane, na Moja Ina Ufa



Kamati ya msikiti wetu hapa Mwaya imenibebesha kazi mbili. Ya kwanza ni ukatibu, yaani kuandika mihtasari ya vikao na kuwakumbusha watu michango waliyoahidi. Ya pili, kwa kuwa nilisoma chuo cha Kiislamu, ni kuwafundisha watoto wadogo baada ya swala ya alasiri. Ya kwanza huifanya kwa kalamu. Ya pili huifanya nikiwa nimeuma mdomo, nisije nikacheka mbele yao.

Majuzi niliuliza darasa: nguzo za Uislamu ni ngapi? Mvulana wa miaka sita akasimama, akageuka huku na huku, akahesabu kwa kidole, kisha akajibu: "Nane, Ustadhi, na ile ya mlangoni ina ufa." Wenziwe wakaangua kicheko. Baada ya darasa nilikwenda kuitazama nguzo hiyo. Kweli ina ufa, nami niliye katibu nilikuwa sijauona. Umeingia katika ajenda ya kikao kijacho.

Masika ya Kyela, msomaji wa mbali ayajue, si mvua ya kupita. Mito hujaa, njia za mashamba ya mpunga hugeuka mifereji, na watoto hufika madrasa wakiwa wamelowa hadi magotini. Siku moja nilikuwa nikiwaonyesha udhu, binti mmoja akainua mkono: "Ustadhi, mimi miguu nimeshaosha njiani." Nikamweleza kwamba udhu una nia na una mpangilio, na kwamba miguu huoshwa mwisho, baada ya uso, mikono na kupaka maji kichwani. Akafikiri kidogo. "Basi nikimaliza kichwa nitarudi njiani." Ukilitazama jibu hilo kwa jicho la fiqhi, hakukosea sana.

Kisha ipo herufi raa. Kinyakyusa hakina sauti hiyo, na mtoto aliyelelewa kwa lugha ya mama yake huitamka "laa". Jambo hili si dogo, kwani katika Qur'ani herufi moja ikibadilika na maana yaweza kubadilika. Nilimsahihisha mmoja kwa muda mrefu, na mwishowe nikamwigiza: "Usiseme laa." Akakasirika kwelikweli. "Hata mimi sisemi laa, Ustadhi. Nasema laa!" Sikio lake lilikwisha kufika, ulimi ulikuwa bado njiani. Tangu siku hiyo nimepunguza haraka.

Hayo nimeyasimulia nyumbani, tumecheka na mke wangu, na sioni dhambi. Lipo moja ambalo nalo nililicheka, na hilo lanisumbua hadi leo.

Huku kwetu nyumba nyingi zina dini mbili. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na wengi katika majirani na jamaa zetu ni Wakristo. Mvulana mmoja wa darasa langu, ambaye baba yake ni Muislamu anayefanya kazi mbali, analelewa na bibi mzaa mama, mtu wa kanisa tangu utoto wake. Siku hiyo nilimpa mvulana huyo heshima ya kufunga darasa kwa dua. Akasimama, akafumba macho, akafumbata vidole vya mikono miwili kifuani, akamshukuru Mungu kwa wali, kwa bibi, na kwa kuku wa bibi aliyetotoa vifaranga. Akamaliza: "Amina. Kaeni." Nasi sote tulikuwa tumekaa.

Darasa likavunjika kwa kicheko, nami, Allah anisamehe, nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Siku ya nne nikafunga safari hadi kwao. Bibi alinikaribisha kwa adabu zote, akatandika mkeka, tukajuliana hali. Kisha akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu nimemfundisha kushukuru. Amekosea nini hata arudi analia?" Chuoni sikufundishwa jibu la swali hilo. Nikamwomba radhi yeye, kisha nikamwita mtoto, aliyekuwa amejificha nyuma ya nyumba, nikamwomba radhi naye. Bibi alistaajabu kuliko mtoto. "Ndaga fijo," akasema, ahsante sana, na hakuongeza neno.

Njiani nilikikumbuka kisa alichokisimulia Anas bin Malik kuhusu mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika, na Mtume (s.a.w.) akamtania kwa upole, akimuuliza habari za ndege wake huku akimwita kwa kunia, kama aitwavyo mtu mzima. Mwanachuoni Ibn al-Qass alitoa faida 60 katika hadithi hiyo fupi. Mimi niliisoma, nikaijibia mtihani, nikafaulu. Utani ule ulimliwaza mtoto mwenye huzuni. Kicheko changu kilimpa huzuni mtoto aliyekuja na furaha ya vifaranga.

Wapo katika kamati wanaoona kwamba kicheko huondoa haiba ya darasa la Qur'ani, na kwamba bakora ingemaliza yote. Sikubaliani nao, na nimeiandika rai yangu katika muhtasari. Bakora isingemleta mtoto huyu, ingemwongezea sababu ya kubaki nyuma ya nyumba.

Amerudi. Alhamisi iliyopita aliomba mwenyewe zamu ya dua. Aliinua viganja kama nilivyomwonyesha, akamhimidi Allah, akamswalia Mtume, kisha akaingia katika wali, bibi, na vifaranga, ambao sasa wamebaki saba kwa sababu ya mwewe. Hakuna aliyecheka. Macho aliyafumba vilevile kama mwanzo, nami nimemwachia.