Asilimia saba hiyo ni ya nini?

Katika semina nyingi za kufundisha watu kutoa mada, hata chai ya saa nne haijafika, mwezeshaji ameshaonyesha duara lililokatwa vipande vitatu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Washiriki wananakili. Kinachofuata ni kufundishwa kusimama, kukunjua mikono na kutembea mbele ya watu, bila yeyote kuulizwa amekuja kusema nini.

Namba hizo zina mwenyewe. Zilitoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1967, kwa kuunganisha majaribio mawili madogo. La kwanza lilitumia maneno tisa, neno mojamoja, yakitamkwa kwa sauti tofauti. La pili lilichukua neno moja tu, lenye maana ya "labda", likasikilizwa huku watu wakitazama picha za nyuso. Walitakiwa kukisia kama msemaji anapenda au anachukia. Basi. Hapakuwa na hotuba, hoja wala bajeti ya kutetea. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa hesabu yake haifai pale mtu asipokuwa anazungumzia hisia au mapendeleo yake.

Sisemi mtu anong'one huku amekodolea macho sakafu. Sauti isiyosikika inaua mada. Lakini sauti ni chombo, na chombo kitupu hakimshibishi mtu.

Msemaji bora niliyewahi kumsikiliza ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Alikuwa amekaa, sauti imekauka kwa kazi za tangu alfajiri, mkononi ana pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha, na chupa ya lita moja. "Pakiti nzima, maji safi lita moja. Si nusu lita, si kikombe." Akaeleza kwa nini: maji yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anadhurika. Kisha akamgeukia mama mmoja: "Haya mama Neema, nielekeze mimi, kana kwamba mtoto umeniachia." Mama akasema nusu pakiti. Kabla muuguzi hajafungua kinywa, wanawake wawili wa benchi la nyuma walishamrekebisha.

Yule alikuwa amejiandaa. Alichagua jambo moja, akalitungia sentensi inayobebeka hadi nyumbani, akapima kama limefika. Mikono yake haikupunga popote, ilishika pakiti.

Kinachoniuma ni vijana. Kwenye semina moja niliyohudhuria, kijana aliyetembea kijiji kwa kijiji akihesabu visima vilivyokauka alisimama kufanya mazoezi ya kuwasilisha. Alitetemeka kidogo, ila daftari lake lilikuwa limejaa. Dakika kumi nzima akarekebishwa mabega, tabasamu na mahali pa kuweka mikono. Akarudi kukaa, daftari limefungwa, na hakuna aliyemuuliza ni visima vingapi.