Jino Lililonyamaza Halijapona



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo kwa umbile, lakini lenye kuikosesha nyumba nzima usingizi, nalo ni maumivu ya jino. Kilichotusukuma ni habari ya mwanafunzi wetu mmoja chuoni. Kijana huyu aliumwa na gego kwa juma zima. Nyumbani akatiwa karafuu, akanunuliwa na vidonge. Siku ya nane maumivu yakakoma. Wazazi wake wakasema Alhamdulillahi, nasi tukasema pamoja nao. Baada ya miezi miwili alikuja darasani ana homa, shavu limefura, hawezi kufungua kinywa hata kusoma aya moja.

Je, maradhi yalikuwa yamerudi? La, hayakuondoka kamwe. Yafaa tufahamu jinsi jino lilivyoumbwa. Nje lina gamba gumu kuliko kitu chochote mwilini. Chini yake lipo tabaka mfano wa mfupa. Na ndani kabisa mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hushuka katika vijia vyembamba mpaka ncha za mizizi. Vijidudu vya kinywani hula sukari vikatoa asidi, na asidi hiyo hulitoboa gamba kidogo kidogo. Vikifika kwenye kiini, maumivu huzidi, aghalabu usiku. Kiini kikifa, maumivu huweza kutulia, kwa kuwa kile kilichokuwa kikihisi hakipo tena. Lakini uozo umebaki, nao huteremka ukafanya usaha katika mfupa wa taya. Wala vidonge peke yake haviponyi, kwani dawa husafiri ndani ya damu, na damu haifiki tena katika kiini kilichokufa.

Basi tiba ni ipi? Wengi wetu twajua moja tu, kung'oa. Ipo na nyingine, tiba ya mzizi wa jino. Tabibu wa meno hupiga picha ya eksirei aitazame mizizi, humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, hulitoboa jino kwa juu, na kwa tupa nyembamba mfano wa sindano hukitoa kiini kilichooza. Jino la mbele aghalabu lina kijia kimoja, na gego vitatu au vinne. Vyote huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hujazwa utomvu wa mti mfano wa mpira, na jino huzibwa. Gego aghalabu huvikwa kofia lisije likapasuka. Kazi huweza kwisha kwa siku moja, au mgonjwa akatakiwa kurudi. Na maumivu kidogo kwa siku chache si ajabu.

Ni kweli gharama yake huzidi ya kung'oa, na jino lililoharibika mno haliokoki. Lakini jino la ukubwani likishang'olewa, halioti jingine.

Wako wachelewao kujitibu wakihofia kwamba jino lililozibwa hulitia kasoro josho. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu wa pwani, kusukutua ni sunna, si faradhi, katika udhu na katika josho. Basi hofu hiyo isimzuie mtu.

Bwana Mtume (s.a.w.) alitufundisha kutafuta dawa, na alihimiza sana mswaki. Enyi wazazi, mtoto akiacha kulalamikia jino, msiseme amepona, mpelekeni atazamwe. Na akivimba uso pamoja na homa, au akashindwa kumeza au kupumua, mkimbizeni hospitali saa ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana wetu alipona, lakini gego lake halikuokoka, na lawama ile ni yetu sote tuliofurahia ukimya wake.

Wabillahi taufiki.