Mwanachuo Asiyetulia

Katika vikao vya kutathmini maendeleo ya wanachuo, neno "mvivu" hutolewa upesi mno. Mtu mzima asiyekamilisha maandalio ya somo, anayesahau zamu yake, au anayeanza kazi tatu asimalize hata moja, aghalabu huhukumiwa kwa neno hilo. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo yafaa ichunguzwe.

Wamo miongoni mwao wenye hali ambayo wataalamu huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini, aghalabu pamoja na kutotulia. Zamani ilidhaniwa kuwa ni tatizo la utotoni tu; sasa yafahamika kwamba kwa watu wengi hudumu hata ukubwani. Tena mara nyingi haiji peke yake. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2006 ulionyesha kwamba, katika watu wazima wenye hali hiyo, asilimia 47 walipatwa na maradhi ya wasiwasi katika muda wa mwaka mmoja, asilimia 38 maradhi ya hisia kama vile sonona, na asilimia 15 matatizo ya ulevi au dawa za kulevya.

Kwa mkufunzi, jambo hili ni zito. Wasiwasi na sonona navyo huweza kumzuia mtu kukaza fikira; na aliyekaripiwa tangu utotoni kwa makosa asiyoyakusudia huweza kujikatia tamaa. Kwa hiyo tusijitie kutaja maradhi. Kazi hiyo ni ya tabibu, naye hana budi kuchunguza yote, asije akatibu moja na kuliacha jingine.

Kazi yetu ni kufundisha. Maagizo yasemwe, kisha yaandikwe ubaoni. Kazi ndefu igawanywe kwa hatua, kila hatua na tarehe yake. Makosa ya mtu yasahihishwe faraghani. Na mkufunzi aonapo huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi au ulevi, amwite mwanachuo kwa upole, amshauri aende hospitali.

Watasema wengine kwamba huku ni kuwadekeza watu wazima. Hatukubaliani nao. Kiwango cha mtihani kinabaki kile kile. Kinachobadilika ni njia ya kukifikia. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanachuo huyu kesho atasimama mbele ya darasa, na huenda humo akamkuta mtoto wa hali kama yake. Atamtendea kama alivyotendewa nasi.