Dakika Mbili na Nusu Zinatosha

Wasee, tuseme ukweli. Simu yako imejaa mavideo hata wewe mwenyewe huwezi kurudia kuziangalia. Sisi wanne tulichanga doo tukanunua katriji moja tu ya Super 8. Ni mita 15 za mkanda. Ukirekodi picha 24 kwa sekunde, unapata dakika mbili na nusu, basi. Hakuna kufuta.

Tuliambiwa tunachoma pesa. Lakini huo uhaba ndio darasa! Tulifanya mazoezi na simu kwanza, tukabishania kila shoti, na zile za kujionyesha zikakatwa zote.

Kuosha mkanda nayo? Kuutuma majuu ni bei, so tulichukua wa nyeusi na nyeupe tukaosha wenyewe bafuni usiku. Kahawa ya kopo, magadi ya kufulia na unga wa vitamini C. Fiksa lazima ununue, hapo hakuna njia ya mkato.

Sasa, mwanga ulipenya chini ya mlango. Kipande cha shosho akicheka kikaungua. Iliniuma, manze, juu sikuwa nimemrekodi na simu. Nilidhani nitamrekodi tu siku yoyote.

Sisemi mkanda unashinda simu. Nasema jiwekee mpaka. Huna doo ya katriji? Leo rekodi dakika mbili na nusu na simu, bila kufuta, uone utachagua nini.

Mimi naweka 50 bob kila siku. Katriji ya pili inaanza na shosho, na mlango tutauziba na blanketi.