Si kila maumivu ya tumbo ni vidonda
Mtu akilalamikia kiungulia, jirani humwambia ni vidonda, na muuza dawa humpa vidonge vya kupunguza asidi. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aina ya Helikobakta pailori au dawa za maumivu kama diklofenaki. Bila kipimo, chanzo hubaki palepale. Linalotisha zaidi ni chakula kukwama kifuani. Huenda ikawa saratani ya umio, inayowapata wengi Afrika Mashariki, au akalasia, ugonjwa adimu wa misuli ya umio. Kutapika damu, choo cheusi kama lami na kukonda bila sababu ni dalili zisizosubiri. Serikali ifikishe kipimo cha bakteria hao kwenye vituo vya afya. Nao wauza dawa waache kubahatisha, wawaelekeze wagonjwa hospitali.